Maswali yenu: meli ya magendo, mchungaji wa Edeni na daktari wa mafuvu

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu riwaya ya English Passengers ya Mwingereza Matthew Kneale, ile iliyotoka mwaka 2000 ikachukua tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka huo, na barua zimekuja nyingi kweli. Yale maswali yanayofanana nimeyaunganisha. Kama bado hujakisoma na hutaki kuambiwa mwisho, swali la msomaji wa Tanga liruke.

Dada habari za kazi. Hicho kitabu nakiona kinatajwa tajwa ila sijaelewa, ni stori ya safari au ni historia? Na sisi huku kinatuhusu nini, Tasmania yenyewe hata kwenye ramani inabidi uitafute. (Msomaji, Dodoma)

Nzuri ndugu yangu. Ni vyote viwili. Mwaka 1857 kuna kapteni anaitwa Illiam Quillian Kewley, mtu wa kisiwa cha Man, kile kisiwa kidogo kilichopo baharini kati ya Uingereza na Ireland. Ana meli yake inaitwa Sincerity na ndani kapakia brandi na tumbaku za magendo. Meli yenyewe imeundwa kijanja, ina ubavu wa nje na ubavu wa ndani, mzigo unakaa pale katikati, kwa hiyo afisa wa forodha anaweza kuingia akapekua mpaka jikoni akatoka mikono mitupu. Sasa mambo yanamuharibikia, forodha wanamkaba, hela hana, na anatakiwa aondoke Uingereza haraka sana, ndo anakubali kukodisha meli kwa Waingereza watatu wanaotaka kwenda Tasmania, kile kisiwa kilicho kusini kabisa ya Australia.

Wa kwanza ni mchungaji, Geoffrey Wilson. Huyu kashawishika kwamba bustani ya Edeni ilikuwa Tasmania, maana wataalamu wa miamba wa enzi zile walikuwa wanasema dunia ina umri mkubwa kuliko hesabu za Biblia zinavyoonyesha na yeye anataka akawanyamazishe. Wa pili daktari wa upasuaji, Thomas Potter, Edeni haimhusu hata kidogo, huyu anaandika kitabu cha kuwapanga binadamu kwa rangi, nani kazaliwa kutawala nani atafutika. Wa tatu kijana wa mambo ya mimea, Timothy Renshaw, mvivu wa kutupwa.

Alafu kuna upande wa pili, unaoanza miaka kama 30 nyuma yao, na huo ndo moyo wa kitabu. Kuna kijana anaitwa Peevay, mama yake mwenyeji wa Tasmania, baba yake mzungu mfungwa mtoro aliyemteka huyo mama na kumbaka. Peevay anatusimulia alivyoshuhudia watu wake wakipungua, leo wawili, kesho watano, mpaka mahali palipokuwa na kelele za watoto panakuwa kimya. Hizo stori mbili zinakwenda sambamba mpaka meli inapofika Hobart, mji mkuu wa Tasmania, na Peevay anapewa kazi ya kuwaongoza hao Waingereza porini.

Kwa nini kituhusu sisi, soma jibu la mzee wa Old Moshi hapo chini.

Sasa dada, niko kampasi hapa Nairobi. Nimefika ukurasa wa sitini hivi na nimechoka. Kila nikizoea msimulizi mmoja anaingia mwingine, mara kapteni, mara mchungaji, mara mke wa gavana. Nisomeje? (Mwanafunzi)

Poa sana. Usikiache. Wasimulizi wamepita 20 kwa hiyo hauko peke yako, ila kila kipande kina jina la anayeongea na mwaka juu yake, hapo ndo pa kuangalia kwanza, maana ukipitwa na mwaka utapotea kabisa. Shika sauti nne tu: Kewley, Wilson, Potter, Peevay. Wengine wote, walowezi, magavana, wake zao, wafungwa, wasikilize kama unavyosikiliza watu kwenye basi, wanapanda wanashuka, usijilazimishe kuwakumbuka majina.

Alafu jaribu kuwatambua kwa masikio. Mchungaji sentensi zake ndefu na tamu, kila baya analomfanyia mtu lina sababu nzuri mbele za Mungu. Daktari anaandika kama anajaza fomu, sentensi zimekatwakatwa, watu kwake ni aina, aina hii ina sifa hii, aina ile ina kasoro ile. Kapteni anaongea kama mabaharia wa kwao wanavyoongea na maneno ya kikwao yamejaa humo. Na Peevay, Kiingereza kajifunza kwa wazungu wenyewe, kwa hiyo kina maneno mazito ya wamisionari yamechanganyika na matusi ya wafungwa humohumo kwenye sentensi moja, na kwa maoni yangu hakuna mwingine kwenye kitabu kile anayesema ukweli vizuri kama yeye. Tukio moja mara nyingi linasimuliwa na watu wawili na hawalingani kabisa, sasa hapo usiharakishe, rudi ulinganishe, maana mwandishi anakuonyesha nani anajidanganya.

Assalam aleikum. Nimekisoma chote na kusema kweli mwanzo nimecheka sana na yule kapteni, alafu kufika katikati nikajisikia vibaya kwamba nilikuwa nacheka. Inafaa kweli kuchekesha watu kwenye habari ya watu kuuliwa? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Inafaa pale anayechekwa ni yule mwenye nguvu. Angalia unachekeshwa na nani: ni mchungaji asiyeona kilichopo mbele ya pua yake, ni Waingereza watatu wanaogombana mezani kwenye chumba kidogo cha meli kama watoto, ni kapteni anayehangaika kuuza mzigo wake bandari hadi bandari na haupati mnunuzi. Hakuna mahali tunapochekeshwa na mateso ya Peevay na watu wake. Yeye Peevay mwenyewe ana utani wake mkali, ila ni utani wa mtu anayejua anachokisema.

Na ile hali ya kujisikia vibaya mi naona ndo mwandishi alikuwa anaitafuta. Anakuvuta na safari, bahari, magendo, unakaa ukijua unasoma kitabu cha raha, kumbe unapelekwa kisiwani.

Hivi haya mambo yalitokea kweli au ni ya kubuni? Hasa ile habari ya walowezi kupanga mstari kisiwa kizima kuwasaka wenyeji. (Wasomaji wanne tofauti wameuliza hili, Mwanza, Kigali, Dar es Salaam na Muscat)

Meli, mchungaji, daktari na Peevay ni wa kubuni. Vita ni vya kweli, na vilikuwa vibaya.

Waingereza walianza kukaa Tasmania mwaka 1803, wakati huo wakiiita Van Diemen's Land, na wakaifanya jela ya wafungwa wanaosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza, mpaka 1853 ndo wakaacha. Walowezi wakaja na kondoo, kondoo wanataka majani, na majani yako kwenye ardhi ambayo wenyeji walikuwa wanawinda kangaruu tangu maelfu ya miaka. Miaka ya 1820 ikawa vita. Novemba 1828 gavana George Arthur akatangaza sheria ya kijeshi dhidi ya wenyeji kwenye maeneo ya walowezi. Oktoba 1830 ndo wakapanga huo mstari mnaouliza: wanaume kama 2,200, askari, walowezi na wafungwa, wakatembea wiki kadhaa wakiwasukuma wenyeji kuelekea rasi moja ya kusini mashariki. Matokeo yake wakakamata wawili na kuua wawili. Wengine walipita katikati yao usiku. Wakati huo wenyeji walikuwa wameshabaki wachache sana, wengi walishakufa kwa risasi na magonjwa.

Kilichowamaliza waliobaki haikuwa ule mstari. Ilikuwa mtu mmoja mpole, George Augustus Robinson, aliyezunguka porini kuanzia 1830 akiwa na wenyeji wachache wanaomwongoza, mmojawao mwanamke anaitwa Truganini, akawaahidi watu usalama kama watakubali kuondoka. Wakaondoka. Wakapelekwa kisiwa cha Flinders, kituo kinaitwa Wybalenna, wakavalishwa nguo, wakafundishwa katekisimu, wakapewa majina mapya, wakawa wanakufa kwa magonjwa ya kifua. Walipelekwa kama 200 hivi, na mwaka 1847 waliporudishwa bara la Tasmania, sehemu inaitwa Oyster Cove, walikuwa 47. Mtu wa namna ya Robinson yumo kwenye riwaya, na mi naona hizo kurasa za Wybalenna ni nzito kuliko zile za risasi, kwa sababu kila anayewaua pale anaamini anawasaidia.

Kitu kimoja ambacho watu hawakijui: mwaka 1846 wenyeji waliokuwa Wybalenna, mmojawao Walter George Arthur, waliandika barua kwa Malkia Victoria. Wakamwambia kwamba wao hawakutekwa vitani, waliondoka kwenye nchi yao kwa makubaliano na serikali yake, na upande wao waliyatimiza. Tafuteni muisome, ni watu wanaojua haki zao kabisa.

Hujambo binti. Mimi ni mzee wa hapa Old Moshi. Mjukuu wangu alinisomea habari za huyo daktari wa kwenye kitabu anayefukua maiti na kubeba mifupa kwa meli. Nikamwambia mbona hiyo tunaijua. Je, huyo aliyeandika aliichukua kwetu? (Mzee, Old Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Hapana, aliichukua Tasmania kwenyewe, ila umesema kweli, ni kitu kilekile.

Kwenye riwaya mifupa ya mama yake Peevay inaishia mikononi mwa Potter. Hiyo Kneale ameijenga juu ya jambo la kweli, la mwanaume anaitwa William Lanne, baharia wa meli za kuwinda nyangumi, aliyefariki Hobart mwezi wa tatu mwaka 1869. Wazungu wakati ule walimhesabu kuwa mwanaume wa mwisho wa damu kamili ya Tasmania, kwa hiyo maiti yake ikawa inagombewa. Usiku daktari wa upasuaji William Crowther akaingia chumba cha maiti, akachana ngozi ya kichwa, akatoa fuvu, akaweka fuvu la maiti nyingine ndani yake ili isijulikane. Watu wa upande wa pili, wa chama cha kisayansi cha Royal Society pale Tasmania, walipogundua wakakata mikono na miguu wao, ili Crowther asije akaipata. Akazikwa hivyohivyo, na kaburi likafukuliwa tena. Huyu Crowther hakufungwa, miaka 9 baadaye akawa waziri mkuu wa Tasmania, na alipokufa akajengewa sanamu katikati ya mji.

Truganini aliyaona hayo yote na akaishi akiogopa. Aliomba akifa majivu yake yamwagwe baharini, kwenye mlango wa bahari wa D'Entrecasteaux, nyumbani kwao. Alifariki Mei 1876. Mwaka 1878 walimfukua, na kuanzia 1904 mpaka 1947 mifupa yake ilisimamishwa kwenye makumbusho ya Hobart watu wakienda kuiangalia. Majivu yake yalikuja kumwagwa baharini mwaka 1976, miaka 100 baada ya kufa.

Sasa turudi kwako mzee. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, yaani chifu wa Wachaga, hapo Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, jumla 19, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Familia imesema miaka yote kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake ametumia maisha yake kukitafuta. Watu wa nje walikuwa wakisikia hilo wanaliona ni simulizi za wazee. Lakini Berlin kulikuwa na mtu anaitwa Felix von Luschan, wa makumbusho, ambaye alikuwa anawaomba maafisa wa jeshi na madaktari waliopo makoloni wamtumie mafuvu, na walimtumia. Ile taasisi ya Prussia inayosimamia makumbusho ya Berlin ilipochunguza sehemu ya huo mkusanyo ikatoa ripoti mwaka 2023: mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, 904 yanatoka maeneo ya Rwanda ya leo, 202 Tanzania, 22 Kenya. Mwaka huohuo wa 2023, mwezi wa tisa, wakatangaza kwamba vipimo vya DNA vimeunganisha mafuvu matatu ya Kilimanjaro na ndugu walio hai, na moja ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Mangi Meli mwenyewe halikuwemo.

Naomba wasomaji wengine mkae na hizo namba kidogo. 904 za Rwanda. Hayo ni masanduku yaliyopakiwa, yakaandikwa, yakabebwa mpaka pwani, yakapanda meli, yakapita bahari, na mtu upande wa pili akapokea na kusaini. Kwa hiyo mzee ukinisikia nasema riwaya ya Tasmania inatuhusu, ndo maana. Kneale hakuandika kuhusu sisi, ila aliandika kuhusu ile meli. Tumezoea kufundishwa kilichokuja na meli za wakoloni, bunduki, Biblia, kodi, bendera. Kilichoondoka nazo tunafundishwa pembe za ndovu na watumwa tu, mifupa ya babu zetu haiko kwenye daftari la mtoto yeyote. Riwaya hii inaiweka mifupa mbele kabisa, na inamuweka anayeichukua mezani akila na kuandika, mtu mwenye elimu, mwenye mwandiko mzuri, anayejiona anafanya sayansi.

Nakuombea mzee wangu kichwa kile kirudi ukiwa hai.

Mwandishi ni mzungu Mwingereza. Ana haki gani ya kuongea kwa sauti ya Peevay? Si ndo yaleyale ya kutusemea? (Msomaji, Kampala)

Ni hoja nzito na sitaki niipite juujuu. Ni kweli Peevay ni mtu aliyebuniwa na mzungu, na lugha yake ya Kiingereza ni kazi ya Kneale. Lakini mi namheshimu kwa mambo mawili. Kwanza hakumfanya Peevay awe malaika wala wa kuonewa huruma, kamfanya mtu mwenye hasira, mwenye wivu kwa ndugu yake, anayetamani mama yake ampende na mama hampendi kwa sababu kila akimwangalia anamwona yule aliyembaka. Mama yake naye ni mpiganaji, na kama mwandishi anavyoeleza, kamchota kwa mwanamke wa kweli anaitwa Walyer aliyeongoza mapigano dhidi ya wazungu. Pili, mwishoni mwa kitabu mwandishi anaeleza kipi cha kweli na kipi cha kubuni, na anasema wazi kwamba fikra za Potter hakuzitunga, zinafanana na za Robert Knox, mwalimu wa anatomia wa Edinburgh aliyetoa kitabu chake cha rangi za binadamu mwaka 1850, kikasomwa na watu wa heshima. Yaani yale maneno ya Potter yanayokuchefua yalikuwa yanauzwa dukani.

Ila usiishie kwa Kneale. Soma na ile barua ya 1846. Usimsikilize Peevay ukamwacha Walter George Arthur.

Kapteni Kewley naye si mkoloni tu? Mbona watu wanampenda? (Msomaji, Zanzibar)

Si mkoloni, ila faida anaichukua. Watu wa Man walikuwa na lugha yao na bunge lao la tangu zamani na hawapendi kuitwa Waingereza, Kewley anawadharau abiria wake tangu siku ya kwanza. Lakini kodi ya meli anaipokea, na mzigo wa Potter kaubeba. Kneale hamuhukumu na hamsafishi. Mi nampenda huyo kapteni kwa uongeaji wake na bado naona kwamba bila watu kama yeye, wasiotaka kujua kuna nini kwenye sanduku ili mradi wamelipwa, akina Potter wasingefika popote.

Naomba unifafanulie mwisho wa Potter, nimesoma mara mbili mbili nahisi sijaelewa. Ina maana ile mifupa ya kwenye maonyesho ni yake? (Msomaji, Tanga)

Umeelewa vizuri kabisa. Mifupa ya Potter mwenyewe inaishia kwenye maonyesho, imeandikwa kibandiko kwamba ni ya mwanaume asiyejulikana, anayedhaniwa kuwa mwenyeji wa Tasmania. Mtu aliyetumia maisha yake kusema anaweza kuangalia mfupa akajua rangi, akili na hatima ya mwenye mfupa, wenzake wanaangalia mifupa yake hawajui ni Mwingereza mwenzao. Hakuna hotuba pale, kibandiko tu, na sayansi yake yote imeanguka.

Na hilo linanikumbusha fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe wa Iringa, ambalo ni la kweli. Mkwawa alijiua Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ukawaamuru Wajerumani walirudishe fuvu lake. Halikurudi mpaka 1954, baada ya gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kwenda kwenye makumbusho ya Bremen ambako kulikuwa na mafuvu mengi, akalichagua moja. Alilichagua vipi? Kwa vipimo, uwiano wa upana na urefu wa kichwa, yakalinganishwa na vichwa vya ndugu wa ukoo wake. Vipimo vilevile vilivyotumika kuwaita babu zetu watu wa chini ndivyo vilivyotumika kuwarudisha. Wahehe walilipokea na liko Kalenga mpaka leo na wanaliheshimu, na mimi pia naliheshimu, ila ule uchaguzi wa pale Bremen unaniuma kila nikiufikiria.

Je ni kweli watu wa Tasmania waliisha wote? Mwalimu wetu alituambia hivyo. (Msomaji, Bujumbura)

Si kweli, na wenyewe wanachoka kulisikia. Wanawake wengi wa Tasmania walichukuliwa na wavuvi wa sili kwenye visiwa vya Bass Strait, ile bahari iliyo kati ya Tasmania na Australia, wengi kwa nguvu, wakazaa, na vizazi vyao vipo, wanajiita Palawa, wana lugha yao waliyoifufua na wanadai ardhi na mifupa ya wazee wao. Kuna mwanamke Fanny Cochrane Smith, alizaliwa Wybalenna mwaka 1834, na mwaka 1899 na 1903 alirekodiwa akiimba nyimbo za kwao kwenye silinda za nta, unaweza kumsikia leo hii. Lile neno kwamba Truganini alikuwa wa mwisho liliwafaa serikali, maana watu waliokwisha hawadai kitu.

Na ile sanamu ya Crowther niliyoitaja, halmashauri ya Hobart ilipiga kura mwaka 2022 iondolewe, kesi na rufaa zikachelewesha, na Mei 2024 watu wasiojulikana wakaikata miguu usiku ikaanguka.

Shikamoo dada. Nafundisha sekondari hapa Iringa, fomu faivu na siksi. Nafikiria kuwasomesha vipande vya hiki kitabu kwenye historia. Unashauri nini? (Mwalimu)

Marahaba mwalimu, na wazo ni zuri sana. Usiwape chote, ni kirefu na kina sehemu za ubakaji na matusi ambazo wewe mwenyewe lazima uzisome kwanza uamue. Chukua vipande vitatu: mchungaji anavyoeleza kwa nini Edeni iko Tasmania, ukurasa mmoja au mbili za daftari la Potter, na Peevay anavyoelezea kufika kituoni kisiwani. Gawa darasa makundi matatu, kila kundi likae na msimulizi wake, alafu waulize kila mmoja anajua nini ambacho wenzake hawakijui. Ukitaka kuongeza, barua na ripoti za walowezi zilizomo ni fupi, zinatosha kipindi kimoja. Ya Peevay wapeni wakasome nyumbani kwa utulivu, mjadala uwe siku inayofuata.

Na kwa kuwa mko hapohapo Iringa, Kalenga ni nje kidogo tu ya mji. Wapelekeni baada ya kusoma, sio kabla, na mwombeni mhifadhi wa makumbusho awaeleze habari ya Bremen. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, aliomba msamaha Songea mwezi wa kumi na moja 2023 kwa yale Wajerumani waliyowafanyia babu zetu enzi za ukoloni, watoto wengi walilisikia hilo kwenye redio, waulizeni wangependa kitu gani kifuate baada ya msamaha. Majibu yao nitumieni, nitatenga nafasi toleo lijalo.